Wodi ya Wazazi ya Mallanooka

Mpendwa kaka Alwyn,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na Jill, na kwamba mvua imeifikia ngano yenu huko shambani. Sisi hapa mjini hatujambo. Mama goti limetulia, ila bado anagombana na mchungaji.

Mimi afya ninayo, lakini nina hasira hadi sipati usingizi. Unajua nilivyoingia bungeni. Nilikuwa mkunga tu, niliyechoshwa na kuona wanawake wa huku wakisahauliwa. Tulisimama na mabango mbele ya hospitali, jua kali, nzi mdomoni, mpaka chama kikaahidi kwamba wodi ya wazazi haitafungwa, kikaniomba nigombee kwa ahadi hiyo. Wewe mwenyewe siku ya kura ulishinda langoni mwa shule ukiwachomea wapiga kura soseji.

Mwezi uliopita waziri, ambaye hajawahi kulala Mallanooka hata mara moja, alileta muswada wa kuifunga wodi hiyo. Mnadhimu wa chama aliniita, akanimiminia chai, akaniambia nisiwe mtoto, siasa ndivyo zilivyo, nitapewa kamati nzuri. Nikamwambia kamati haikati kitovu. Kura ilipoitwa nikanyanyuka, nikavuka ukumbi, nikaketi na wapinzani. Wenzangu wakaangalia viatu vyao, muswada ukapita. Kabla wiki haijaisha chama kilikuwa kimeniengua, kinatafuta mgombea mwingine wa kiti changu.

Hayo ningeyameza. Lakini nimesikia kwa muuza nyama, si kwako, kwamba mgombea huyo ni wewe. Umeniumiza, Alwyn. Hata simu ulishindwa kunipigia?

Basi nami nikwambie langu kabla muuza nyama hajakuwahi. Nagombea bila chama. Na jana binti yenu Maree alikuja ofisini kwangu na mimba yake kubwa, akaomba siku ya kura asimame langoni agawe karatasi zangu za kampeni. Nilimkatalia. Nikamkumbusha kwamba ninayeshindana naye ni baba yake.

Akanijibu taratibu, "Shangazi, hospitali itakayobaki iko mwendo wa saa tatu. Baba ndiye atakayenizalisha kwenye gari?"

Nikampa karatasi.

Msalimie Jill sana. Mama naye anawasalimu, anasema kondoo wa kuoka wa Jumapili yupo kama kawaida, na kwamba wewe utaketi karibu na Maree.

Dada yako,
Lorna