Michirizi Kwenye Kompyuta ya Baba

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha mbele,
Alhamisi, tarehe 14, mwezi wa tatu.

Mpendwa Kaka Mkubwa,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko, na wifi je? Kile kifua kilichokusumbua kimetulia? Sisi tupo, tunapumua, ila neno "wazima" siwezi kuliandika. Kaa kitako kwanza ndipo usome.

Unajua Baba tangu astaafu huchorea watu ramani za nyumba kwenye ile kompyuta ya mezani uliyomwachia. Mwishoni mwa mwezi uliopita ikaanza vituko. Skrini ikajaa michirizi ya kijani na zambarau, herufi zikamegekamegeka. "Nachora ukuta mmoja," akalalamika, "yenyewe inanichorea mitatu!"

Nikaushuku waya. Nikauchomoa, nikaupuliza, nikaurudisha, wapi! Nikaazima skrini ya jirani yetu mshona nguo. Michirizi ile ile. Nikaifuta programu ya kuchorea na kuiweka upya, kazi bure. Siku zote hizo Baba kaganda mezani, pua karibu iguse skrini, anasugua jicho la kushoto. Mama akamsihi apumzike. Akamjibu, "Anayeumwa si mimi, ni kompyuta."

Jumatatu iliyopita nikamleta fundi, yule tunayemwita Polepole. Akaiwasha, akanionyesha kwamba hata maandishi ya mwanzo kabisa, kabla programu yoyote haijaamka, yalikuwa yameharibika. "Basi tusivisingizie virusi," akasema. Akafungua kasha. Vumbi lilikuwa kama pamba ya godoro, feni ndogo ya kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, imekwama, na kadi yenyewe imeungua ukingoni. Akaing'oa, akachomeka waya wa skrini kwenye tundu la mashine yenyewe lisilohitaji kadi hiyo, akawasha.

Kaka, picha ikatoka safi, mistari imenyooka kama uzi! Mimi na Mama tukapiga makofi.

Baba akasogea, akatazama. "Mbona bado?"

"Bado nini, Baba?"

"Michirizi. Na hili pazia jeusi hapa pembeni."

Tukacheka. Ndiyo, nakiri, tulicheka. Tulidhani anamtania fundi. Polepole peke yake hakucheka. Akaizima kompyuta, akamgeuza Baba taratibu kwa mabega hadi akaelekea ukuta mweupe.

"Na hapo, mzee?"

Baba akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Hata ukutani ipo."

Wiki mbili nzima nilikuwa napuliza waya!

Tukamkimbiza hospitali vile vile, na ndala zake miguuni. Daktari wa macho akasema utando wa ndani ya jicho, ule unaopokea picha, unabanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Kesho yake wakampasua. Angechelewa siku mbili tatu zaidi, jicho lingekwenda. Nilipomsimulia daktari huyo habari za kompyuta, akabaki mdomo wazi: magonjwa mawili yaliingia wakati mmoja, moja likalificha jingine.

Sasa Baba analala kifudifudi kama alivyoamriwa ili utando ushike, na ananung'unika kama mtoto aliyenyimwa kucheza. Jana walipomfungua bandeji alihesabu vidole vya daktari, vitatu, akapata. Maandishi hayaoni bado. Kama ataweza kuchora tena, hakuna anayetuahidi. Mama anamkanda miguu tu kutwa.

Mwenyewe nimekosa usingizi. Mshtuko haujanitoka, na kile kicheko chetu bado nakisikia.

Sasa lako, Kaka. Daktari kasema ugonjwa huu hutembea katika damu ya ukoo, hasa kwa wenye miwani minene. Mimi nimepimwa, niko salama. Wewe ndiye uliyerithi macho ya Baba. Usiniambie una kazi nyingi, maana hata yeye alikuwa nazo. Kapimwe kesho asubuhi, kisha unipigie simu.

Nisalimie wifi, na hao watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakupa mkono, na Baba anasema ana hamu ya sauti yako.

Mungu akulinde, na nuru uliyonayo akuachie.

Mdogo wako akupendaye,
Kitinda Mimba