Nyumba ya Lapithos Ndani ya Wasia

Larnaka, 3 Machi 2014

Binti yangu Annou,

Hujambo, mwanangu? Melbourne kumeanza kupoa? Mimi mzima, isipokuwa goti na, nasikia, akili.

Wakili anasema mtu wa umri wangu akiandika wasia, ni vema daktari athibitishe kuwa ana akili timamu. Maana yake ajue anaandika nini, ana mali gani, na nani wanatarajia kumrithi. Nikacheka. Mwalimu mzima wa historia nishindwe na hayo?

Daktari, binti mdogo, akauliza, "Babu, una mali gani?" Nikaanza na nyumba ya Lapithos, vyumba vinne na bustani ya malimau.

"Lapithos ya kaskazini, upande wa Waturuki? Mliyoikimbia vitani?"

"Hiyo hiyo."

Akaandika kwamba nachanganya zamani na sasa.

Nikifa bila wasia, utagawana nyumba hiyo na kaka yako Savvas, naye keshasema tuchukue fidia tuisahau. Mimi nataka iwe yako.

Baba yako


Melbourne, 20 Machi 2014

Shikamoo Baba,

Pole na goti. Nenda kwa daktari mwingine, tafadhali. Akiuliza mali, taja flati ya Larnaka na akiba ya benki, basi. Lapithos mwachie wakili. Usiwe mbishi kama punda wa mjomba Hambis!

Na niseme kweli: mlinibeba nikiwa na miaka miwili. Sikumbuki hata mlango.

Mwanao Annou


Larnaka, 11 Mei 2014

Annou wangu,

Salamu nyingi. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikasirika. Imepita.

Kwa daktari wa pili nilitaja flati na akiba, kama ulivyoniagiza. "Basi?" akauliza. Ningeweza kunyamaza.

"Na nyumba ya Lapithos."

"Nani anaishi humo?"

"Emine, Mturuki aliyehamishwa kutoka Pafo, huku kusini. Mpaka wa kusini na kaskazini ulipofunguliwa, nilikwenda, akaninywesha kahawa sebuleni kwangu. Naye ana nyumba yake Pafo, asimoishi."

"Sasa hiyo ni yako au yake?"

"Hati ni yangu. Maisha ya humo ni yake. Mimi narithisha kilicho changu tu."

Akavua miwani. "Mzee, unajua ulicho nacho, na unajua usicho nacho. Wengi hapa hilo la pili linawashinda." Akasaini. Wasia nao umesainiwa, mbele ya mashahidi wawili.

Sasa wewe nawe ujue unachorithi. Mlango ni wa buluu na hukwama. Uinue kwa mpini, kisha sukuma. Kushoto ni jiko. Dirisha lake linatazama mlimau uliopinda, alioupanda babu yako. Chini yake mama yako alikulaza ndani ya kapu la kuvunia, ukaamka na ua la mlimau mdomoni.

Baba yako


Larnaka, 9 Novemba 2014

Baba,

Safari hii sikuulizi hali. Jana kanisani tuligawa ngano ya kuchemsha ya arobaini yako. Savvas alilia kuliko mimi.

Leo nimekwenda Lapithos. Nilibisha hodi, na sauti ya kikongwe ikajibu kutoka ndani, kwa Kigiriki cha Pafo: "Nakuja, nakuja! Usihangaike na mlango, huo humshinda kila mgeni!"

Nikauinua kwa mpini, nikasukuma.

Emine alikuwa katikati ya sebule na fimbo yake. Aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Wewe binti wa Pieris," akasema, wala hakuwa akiuliza. "Ingia, mwanangu. Jiko unalijua."

Nikageuka kushoto.

Mwanao Annou