Mkate Niliouuma

Jumatatu, 6 Novemba 2023

Majibu yametoka. Ni saratani. Ziwa la kulia.

Daktari Ravshanov amesema litolewe lote, pamoja na tezi za kwapani. Tarehe 20. Alisema taratibu, kama anayempa mtu chai ya moto. Mimi nilikuwa natazama kucha zangu. Unga ulikuwa bado umo. Nilitoka tanurini asubuhi, mikate mia mbili, nikapanda basi la Fargona moja kwa moja.

Kisha akasema kuna la kuamua. Nibaki na kifua bapa upande huo. Au niwekewe mfuko wa silikoni. Au wachukue nyama ya mgongoni waniundie ziwa jingine, siku hiyohiyo. Nikafikirie, nirudi Jumatano ya wiki ijayo.

Nyama ya mgongoni! Sotvoldi, mume wangu, angecheka. Alikuwa akisema mgongo wangu ndio nguzo ya nyumba yake.

Jumanne, 7 Novemba

Nimewaambia. Mama mkwe alikuwa anakata karoti za pilau. Kisu kikasimama. Kisha akaendelea — karoti nyembamba kuliko siku zote.

Binti yangu Oydin alilia, halafu akashika simu, akasoma, akasoma. "Mama, siku hizi wanarudisha! Hata hutajulikana."

Nisijulikane na nani, mwanangu?

"Na watu. Harusini kwangu. Watakutazama wewe badala ya kutazama shela."

Ana miaka ishirini na mbili, harusi ni Aprili. Nilimnyonyesha kwa ziwa hilohilo. La kushoto alilikataa tangu siku ya kwanza, akageuza uso kama mkubwa.

Juu ya mlango mkate wa baba yake bado unaning'inia kwenye uzi. Februari 2014 aliuuma, kama wanavyouma wote wanaosafiri, akaenda Orenburg, Urusi, na lori. Anayerudi huteremshiwa mkate wake akaumalizia. Sotvoldi alirudi ndani ya sanduku. Hakuna aliyethubutu kuugusa. Mama yake hufuta vumbi ukutani, anauzunguka.

Jumatano, 15 Novemba

Kwenye foleni nimekaa na Hamro, mwalimu wa Rishton. Alifanyiwa mwaka jana, ile ya mgongoni. Akanivuta nyuma ya pazia. "Njoo uone, dada, usione haya." Limeundwa vizuri mno! Nikalisifu kama ninavyosifu mkate wa tanuri la mwenzangu, bila wivu. Akasema alitaka mwenyewe, hakulazimishwa na mtu, na kila asubuhi anajifurahia kwenye kioo. Nikafurahi naye.

Ndani, daktari akaniuliza kazi yangu. Mwokaji. Akaniambia nimwonyeshe. Basi nikasimama katikati ya chumba chake, nikainama kwenye tanuri lisilokuwepo, nikaingiza mkono wa kulia hadi begani, nikabandika mkate kwenye ukuta wake wa ndani, nikajichomoa.

"Mara ngapi kwa siku?"

Mia mbili. Ijumaa mia tatu.

Akaweka kalamu chini. Akasema msuli wanaouchukua mgongoni ndio huo unaonichomoa. Wanawake wengi huishi bila huo wasione tofauti. Mimi ningeona. Na mfuko nao, mionzi ya baada ya upasuaji inaweza kuuharibu, nikarudi kupasuliwa tena.

Halafu jambo jingine. Tezi zikishatolewa, mkono wa kulia usiungue tena, hata kidogo. Ukiungua utavimba. Tanuri kwa mkono huo, basi.

Hapo ndipo nilipolia. Ziwa sikulilia. Mkono!

Alhamisi, 16 Novemba

Nimejaribu kwa kushoto. Mikate kumi na mmoja imebanduka, ikaangukia makaa.

Mama mkwe alisimama na mkongojo wake. "Mkate kwa mkono wa kushoto? Ndio utakaowalisha watu?"

Nikamwambia, mama, wa kulia nimekatazwa moto.

"Basi anza na kuku."

Kuku wameshiba leo.

Ijumaa, 17 Novemba

Tisa imeanguka. Wa kumi umeshika. Umeshika! Umekaa upande kama kofia ya mlevi, alama ya maua ninayoipiga katikati ya kila mkate iko pembeni kabisa. Nikauopoa, nikausimamisha kifuani, unachoma, sikujali.

Mama mkwe akaugeuza, akaugonga chini kwa kidole, akasikiliza. Akamega. Akatafuna muda mrefu. Hakusifu. Lakini jirani Matluba alipochungulia mlangoni na kuuliza tangu lini mikate inaokwa kwa mkono wa kushoto, nikamsikia: "Huo wa kushoto kauumba nani? Wewe?" Matluba akanunua mitatu ya jana, ya mkono wa kulia.

Jioni nikamwambia Oydin nimeamua. Kifua bapa. Hamro alitaka lake akalipata, na mimi nataka mgongo wangu mzima wa kunichomoa tanurini, hata nikibandika kwa kushoto.

"Na harusi, mama?"

Mikate ya harusi yako nitaioka mimi, nikasema. Watakaonitazama kifua watanitazama huku wanatafuna.

Akacheka na machozi. Akaomba basi nivae kitu ndani ya gauni, siku hiyo tu. Nikamletea kimto changu cha kubandikia mikate, kile cha mviringo cha kuvaa mkononi, kimejaa pamba. Kimeenea kabisa! Tulicheka hadi mama mkwe akapiga ukuta. Nikamwahidi nitashona kingine kisafi, nikivae. Siku hiyo tu. Kwa ajili yake.

Jumapili, 19 Novemba

Leo mikate saba imeshika, minne imeanguka. Nimeacha kuhesabu ya kuku.

Kabla sijaenda kupanda basi la hospitali, mama mkwe akasimama mlangoni na mkate mkononi. Ule wa Ijumaa, uliopinda! Aliuficha sandukuni mwake. "Uma."

Nikasema wapo wazuri zaidi.

"Uma, mkwe wangu."

Nikauma. Mgumu! Oydin akapanda kiti, akautungia uzi, akauning'iniza kando ya ule wa baba yake. Nikatazama alama mbili za meno. Za Sotvoldi kubwa, na lile pengo la mbele.

Mama mkwe akasema, chini sana: "Huo wa mwanangu niachie mimi. Huu wako utarudi kuumalizia."

Miaka ishirini na minne nyumbani kwake. Hajawahi kuniambia rudi.

Jumatatu, 20 Novemba

Hospitali, na Oydin. Sijala tangu jana. Daktari amenichora kifuani kwa kalamu, akauliza mara ya mwisho. Nikasema bapa, na ushone vizuri, mimi nakijua kitu kilichoshonwa vibaya. Akacheka. Nimetia saini.

Simu kutoka nyumbani. Mama mkwe! Amewasha tanuri. Miaka sabini na moja, mkongojo kautupa, kimto changu kakivaa — mkono wa kushoto, anasema, ili nisijione niko peke yangu. Wateja wamejaa mlangoni. Nikamgombeza. Hasikii. Anauliza kuta za tanuri zimeanza kuwa nyeupe kwa moto, abandike au asubiri?

Muuguzi ameleta kitanda cha magurudumu. Oydin anavuta daftari hili. Ngoja, nimewaambia, ngoja kwanza, simu bado iko sikioni. Mama, zikiwa nyeupe zote, nyunyiza maji ya chumvi, inama kwa goti, usiiname kwa mgongo, kisha bandika kwa nguvu na ushikilie hadi —