Ua Nimeusogeza, Kemunto

Kemunto, binti wa kaka yangu,

Ni mimi Tatamoke, baba yako mdogo, yule aliyemfukuza chui kutoka Sironga hadi Tabaka kwa kikapu cha kuchumia chai, chui akachoka akageuka jiwe, wachongaji wa mawe wa huko wakamchonga. Hapo ulikuwa unacheka. Siku hizi nikisimulia watu wanaangalia simu zao.

Huko Marani bado nawaambia watu mimi ndiye niliyemfundisha daktari wa teolojia. Si uongo! Tulikuwa tumetoka misa, ukanivuta koti: “Tatamoke, kwani Mungu ni mama?” Kwa sababu kwa lugha yetu ya nyumbani “baba” maana yake ni mama, na kanisani tunasali Baba Yetu. Nikakujibu, “Ni mama, ndiyo maana anatuvumilia.” Nilikuwa nakwepa swali tu. Wewe ukalibeba mpaka chuo kikuu, ukawafundishia mapadre haki za binadamu. “Hadhi mtu hapewi, Tatamoke, anazaliwa nayo.” Nami naitikia kwamba hata mimi nilitaka kusema hivyo.

Siku ya kukuzika, wazee walisema msichana hakuolewa, alazwe nje ya ua. Watu wote wakanigeukia. Kaka hayuko, mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwenye mdomo. Nikaangalia viatu vyangu. Kemunto, sikusema neno. Hata moja.

Tangu hapo kila jioni natoa viti viwili, changu na chako. Halafu nakuona kule kwenye migomba, nje, kama mgeni aliyebisha hodi akakosa wa kumwitikia. Chai inapoa. Sinywi.

Wiki jana niling'oa ua. Peke yangu! Sawa, jirani alisaidia kidogo, mgongo huu. Tukaupanda upya ng'ambo ya kaburi lako. Mzee mmoja akaja na bakora: “Umehamisha maiti?” Nikamwambia, “Hapana mzee, nimehamisha ua.” Akasimama, akakohoa, akaenda zake. Hii siyo hadithi ya chui. Miche iko hapo, mingine imeshika, mingine bado.

Na wazee wakikaa tena kuamua juu ya msichana mwingine, nitasimama kabla hawajafungua mkutano. Nakuahidi, na hapa sijatia chumvi.

Nimekukumbuka mpaka nimekosa uongo wa kusema.

Haya, lala, baba. Unajua nasema nini. Uko ndani sasa.

Tatamoke wako