Ng'ombe wa Baba Walioko Litein

S.L.P. 1187,
Kericho.
12 Novemba 2024

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu binti yako. Wewe na Mama hamjambo? Goti lako linaendeleaje na baridi ya Kimulot? Natumaini bonasi ya majani chai imefika na Mama ameshaipangia kazi kabla hujaiona. Mimi ni mzima, tena mzima wa kurukaruka.

Baba, nimefaulu! Wiki jana nilisimama mbele ya maprofesa kutetea tasnifu yangu ya uzamifu katika fedha, wakanipitisha. Mwambie Mama aache kufunga na kuomba, sasa ale. Wewe uliniambia nisikuletee jambo lingine lolote mpaka nimalize masomo. Basi nimemaliza, na jambo lenyewe linakuja, ila keti kwanza.

Unakumbuka mwaka jana nilivyokuja nyumbani nimenuna? Msimamizi wangu, Daktari Ogari, alikuwa amenirudishia kazi yangu. Alisema nimeeleza vizuri mambo ya benki na soko la hisa, lakini sijajibu swali langu mwenyewe: bonasi ikishuka na mifugo ikifa, mkulima wa chai husimamaje tena? Nililia, nikataka kuacha. Ndipo uliponisimulia habari ya kimanagan, jinsi wazee walivyoweka ng'ombe kwa marafiki wa mbali, rafiki akanywa maziwa na ndama wakabaki wa mwenyewe, ili ugonjwa ukiingia zizi moja usimalize mali yote. Nilibaki mdomo wazi. Hayo ndiyo tunayofundishwa darasani kwa Kiingereza kigumu!

Ulisema nilipokuwa mdogo ulimwekea mzee Chepyegon wa Litein ng'ombe mmoja. Ugonjwa wa ndigana ulipofagia zizi letu uliona haya kumfuata rafiki kama mdai, ukajiambia kuwa hata huyo wa Litein lazima alikufa. Baba, nilienda Litein bila kukuambia.

Mzee Chepyegon alishafariki, Mungu amlaze pema. Nilipokewa na mwanawe Kiptanui, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole lakini mcheshi. Nilipojitambulisha kuwa mtoto wa Kipkemoi wa Kimulot, aliniongoza hadi malishoni. Alinionyesha ng'ombe weusi wenye baka jeupe kwenye paji, akasema hao wote ni wako. Baba yake alimwagiza kwamba maziwa wanywe, ila ndama wasiuze hata njaa ikibisha hodi, kwani mwenyewe angekuja siku moja. Nilitokwa na machozi mbele ya mwanamume nisiyemjua.

Sura niliyoandika kuhusu ng'ombe hao ndiyo iliyonipa shahada. Profesa mmoja alitaka kujua mkataba wenu uliandikwa wapi. Nilimjibu kuwa haukuandikwa popote, uliwekwa na watu wawili walioogopa kuaibishana. Maprofesa walitazamana, wakacheka, wakanipigia makofi.

Sasa lile jambo. Nilirudi Litein mara nyingi kwa utafiti, na safari nyingine, nakiri, hazikuwa za utafiti. Kiptanui ameniomba tuoane, nami nimekubali. Nampenda, Baba. Ukoo wao si wetu, niliuliza mapema kabla moyo haujazama. Najua ilipasa nipitie kwa Shangazi Rebeccah, lakini kule kwake Silibwet nzima ingejua kabla yako. Angependa kuja na wazee wake Desemba, ila ana hofu moja: asije akaonekana anakulipa mahari kwa ng'ombe wako mwenyewe! Kwa hivyo anataka kukurudishia wako kwanza, na siku nyingine ndipo alete wake.

Ukimkubali, nina ombi. Usiwachukue wote. Mwachie mtamba mmoja, kama ulivyomwachia baba yake. Ndama watakuwa wako, nami nitakunywa maziwa ya kwetu.

Nisalimie Mama na majirani wote wanaoniombea. Nangoja neno lako, moyo ukidunda.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Chemutai