Salamu za Kirolirwe Zimefika

Mama mupenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, kikohozi cha Papa kimepungua, na yule ng'ombe wa madoa amekubali kukamuliwa. Mimi sijambo, ila baridi ya Ubelgiji haina adabu: inaingia mpaka ndani ya soksi.

Mafunzo ya ukarani yanaendelea vizuri. Lakini najua unachongojea. Siku ya kuondoka uliniambia mbele ya katekista: "Usikae kimya kule sawa mbuzi ya kuibwa! Ukiingia mu kanisa yao, simama, utoe salamu yetu, na utuletee jibu." Naye akaitangazia parokia nzima. Tangu hapo sijapata usingizi mzuri.

Kanisa la kwanza lilikuwa la kale, zuri ajabu. Vioo vyake vinamwaga wekundu na buluu sakafuni. Nilipoitazama hiyo sakafu, nikaona majina. Makaburi, Mama! Watalii wanatembea juu ya maaskofu wakipiga picha. Mimi uliyenilea vema nikaanza kuruka baina ya mawe kama chura. Mlinzi akanijia mbio: "Bwana, msalani ni upande huu." Nikatoka bila kumsalimu mtu.

Jumapili nikaingia lingine, kubwa kuliko soko la Kitshanga, na ndani yake vikongwe wachache tu. Padri alipofika kwenye matangazo, nikasimama. Nikasema kwa Kifaransa: "Ninatoka Kirolirwe, Masisi. Wakristo wa huko wanawasalimu." Mazoea yakanishinda, nikapaza sauti kwa Kiswahili: "Tumsifu Yesu Kristu!"

Kwetu mngeitikia mpaka ng'ombe washtuke. Huku lilijibu dari peke yake: Kristu... Kristu... Nikaketi, nikitamani sakafu inipokee kama wale maaskofu wa kanisa la kwanza.

Baada ya Misa, bibi mmoja mwenye mkongojo akanishika mkono. "Kijana, nilibatizwa humu, na sijawahi kuona mtu akituletea salamu. Kwenu mnalima nini?"

"Maharagwe, Mama."

"Basi wasalimu wenye maharagwe. Waambie Simone anaomba wamwombee goti lake."

Jibu ndilo hilo. Jumapili simama ulitoe wewe mwenyewe, maana katekista atalitia chumvi. Nisalimie Papa, dada yangu na kitoto chake, na kaka huko malishoni.

Na tafadhali, mkiomba, ni goti la kulia. Nilimuuliza tena ili niwe na hakika.

Mwanao mwoga, lakini aliyesimama,
Bahati