Tarehe ya Waziri na Tarehe ya Baba

Tokyo, tarehe 30 Machi, mwaka wa tisa wa enzi ya Meiji

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kikohozi cha Mama kimepungua sasa theluji inapoyeyuka. Mimi sijambo, ila usingizi ni haba.

Nakuandikia kabla hujasikia kwa watu. Juzi serikali ilitangaza kwamba hakuna tena atakayetembea na upanga kiunoni isipokuwa askari na polisi. Amri hiyo niliinakili mimi, nakala tatu, kwa mwandiko ulionifundisha wewe. Niliharibu karatasi mbili.

Aliyeipigania ni bwana wangu, Waziri Munakata. Alisimama nyuma yangu akauliza, "Onuki, baba yako ni samurai?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Atakuchukia?"

"Sijui."

"Wangu alinichukia nilipokata nywele za kisamurai. Akafa akinichukia. Andika, wino unakauka."

Kila asubuhi saa mbili Waziri hupanda gari lake la farasi na kupita njia ileile ya kando ya handaki la maji la ngome, bila mlinzi hata mmoja. Mimi hukaa ndani pamoja naye, sanduku la hati magotini. Watu wanatutazama vibaya. Baba, nakuomba, panga za Babu ziweke kabatini na usibishane na mtu.

Mwanao,
Yasuhei


Siku ya kumi na moja ya mwezi wa tatu, kwa hesabu ya mababu

Mwanangu Yasuhei,

Marahaba. Sisi wazima. Kikohozi cha mama yako kimepona. Sasa hukohoa tu ili kunikatiza ninapozungumza siasa.

Usiniulize leo ni tarehe ngapi huko kwenu. Kalenda ya kigeni aliyotuletea waziri wako na wenzake miaka mitatu iliyopita sijaifungua, na hapa hakuna anayeifungua ila Toyokichi, yule mtoto wa muuza figili za chumvi, ambaye sasa ni polisi. Ikifika siku yenu ya kumi na tano, ukitazama juu unaona mwezi ni kipande, kama umeliwa na panya. Siku ya kumi na tano mwezi hujaa. Hilo hata mtoto wa kunyonya analijua.

Toyokichi alinisimamisha sokoni. "Mzee Onuki, hicho kiunoni ni nini?"

"Upanga. Kwani baba yako hakukufundisha tofauti yake na figili?"

Watu wakacheka. Akaninong'oneza, "Usinitie taabuni, Mzee, nina watoto wawili." Nikamwonea huruma, nikarudi nyumbani. Lakini nilirudi nao kiunoni.

Vijana niliowafundisha upanga huja hapa kila siku. Wana hasira. Hawana mwandiko, kwa hiyo huniomba niwaandikie hili na lile.

Baba yako


Tokyo, tarehe 16 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba hii iwakute salama. Sikuipeleka posta, nimempa Ogata, muuza hariri, akukabidhi mkononi. Ukishaisoma, ichome.

Tarehe kumi na moja ililetwa barua isiyo na jina. Kufungua barua zote ni kazi yangu, nikaifungua. "Munakata ameivua nchi panga zake. Siku ya kumi na tano ya mwezi wa nne, kwenye daraja la handaki, tutamkata. Tunamjulisha ili ajitayarishe kama mwanamume."

Sikuhitaji jina. Ule mkia wa brashi unaoinuka mwishoni mwa kila mstari, wewe ulinipiga vidole kwa fimbo miaka sita mpaka nikaupata.

Nilimsomea Waziri, kisha akaichukua akaitazama. "Mwandiko mzuri," akasema. "Wizara nzima haina wa kuufikia." Polisi wakaweka watu ishirini darajani. Jana tarehe kumi na tano tukapita, na hakuna kilichotokea. Mkuu wa polisi akacheka: "Watu wa mashambani, maneno mengi." Leo wale ishirini wameondolewa.

Lakini jana tukivuka daraja nilitazama juu, nikauona mwezi wa asubuhi, mweupe, nusu. Nikakumbuka barua yako: siku ya kumi na tano mwezi hujaa. Siku yenyewe haijafika. Nimepiga hesabu mara tatu: kwa kalenda ya serikali itakuwa tarehe nane Mei.

Nikisema, wataniuliza nimejuaje, na mwandiko utawaleta mlangoni kwako. Aliyeandika barua ile atakatwa kichwa. Nikinyamaza, atakufa mtu pekee katika jiji hili anayeniuliza kama nimekula. Wazuie vijana wako, Baba. Sijamwambia yeyote.

Mwanao,
Yasuhei


Siku ya kwanza ya mwezi wa nne

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima.

Mkono ulioandika ni wangu. Sitaukana, wala barua yako sijaichoma. Nimeiweka pamoja na panga.

Nilikataa kuwaandikia mpaka wakubali kumjulisha. Mtu haviziwi kama mbwa mwitu. Huambiwa siku na mahali. Kumbe huko hata siku hamjui tena kuisoma. Vijana ni watatu, wameondoka kabla Ogata hajafika, na sijui wanalala wapi. Hata ningejua, nisingewaita warudi. Waziri wako alichukua ngome yetu, akachukua tarehe zetu, sasa anataka panga. Siku hiyo moja ni yetu.

Lakini wewe ni mtoto wangu. Siku hiyo uumwe tumbo. Mama yako anasema ule figili mbichi nyingi siku moja kabla, hutahitaji kudanganya.

Baba yako


Tokyo, tarehe 7 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia tarehe mbili. Nilikaa nayo siku nne. Jana nikamwambia Waziri, "Mheshimiwa, siku ile haikuwa ile. Kaskazini bado watu wanahesabu kwa mwezi wa angani. Ni keshokutwa."

Akanitazama. "Baba yako anahesabu vipi?"

Nikaanza kupanga hati sandukuni.

"Ndiye aliyekufundisha kuandika?"

Nilitazama sanduku la hati, nikaona linalowa, nikajua ni machozi yangu.

Akaagiza barua ile itolewe jaladani. Nikamletea, akaitupa kwenye jiko la makaa. Baba, karani hachomi hati. Nilinyoosha vidole niiokoe.

"Iache," akasema. "Tarehe yake imepita."

Nikamsihi apite njia nyingine, au aite polisi. "Polisi watakuuliza nani amekwambia," akasema. "Na mimi nikijificha siku hiyo, nitakuwa nimekubali kwamba siku bado ni zao. Kalenda hii niliitia sahihi, Onuki. Keshokutwa ni Jumatatu, siku ya kazi." Kisha akasema, "Wewe baki nyumbani. Naona kwa uso wako unaumwa tumbo."

Kama vile mmeshauriana, wewe na yeye.

Sitabaki. Naogopa. Mwandiko huu mwenyewe unauona. Lakini nyote wawili mnashindania siku moja, na hakuna aliyeniuliza mimi ninaihesabu vipi. Kesho saa mbili nitakaa upande wa kushoto, karibu na mlango. Vijana wako wananijua tangu nikiwa mdogo. Wataniona vizuri.

Mwambie Mama figili sikula.

Mwanao,
Yasuhei


Tarehe 16 Mei, mwaka wa tisa wa Meiji

Mwanangu Yasuhei,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ni ya kabla ya siku ile.

Barua yako ilifika jana asubuhi, na mchana gazeti likabandikwa kwenye ukuta wa kituo cha polisi. Macho yangu yalikataa. Toyokichi akanisomea polepole, kofia mkononi. Waziri Munakata hakuguswa. Watatu wamekamatwa. Karani wake aliinua sanduku la hati kuukinga upanga, sanduku likapasuka. Karani yu hai. Mkono wake wa kulia hautashika brashi ya kuandikia tena.

Mkono huo niliushika nikauongoza wewe ukiwa na miaka mitano.

Nikamwambia Toyokichi, "Nifunge. Barua ya onyo niliandika mimi."

Akapekua makaratasi yake. "Barua gani, Mzee? Tokyo wanasema hawana barua."

"Nakwambia niliiandika."

"Na mimi nakwambia sina barua. Utanipa kazi ya kutafuta kitu ambacho hakipo?"

Mwambie bwana wako sikumwomba, na simshukuru. Asidhani tumepatana. Nikimkuta mlangoni kwako nitamwambia mwenyewe.

Upanga nimeuacha juu ya meza ya Toyokichi. Si kwa sababu ya amri. Safari ya Tokyo ni ndefu, na mabega yangu hayawezi kubeba upanga na sanduku la brashi pamoja. Kisha nikamuuliza leo ni tarehe ngapi. Alinitajia mara mbili, na hakucheka.

Ulipokuwa mtoto ulitaka kuandikia mkono wa kushoto, nikakupiga mpaka ukaacha. Tutaanza na huo. Mama yako anakuja pia, amefunga figili za kututosha sote.

Tutafika tarehe ishirini na sita. Hesabu kwa kalenda yenu.

Baba yako